Oili Yako Inahesabu Kilomita za Tokyo au za Mpemba?

Wiki hii tunapanda nyanda za juu mpaka Mpemba, mkoani Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya. Mpemba ni njia panda. Barabara kuu inakwenda zake Tunduma na Zambia, nyingine inakata kuelekea Isongole wilayani Ileje, mpakani na Malawi. Simama pale dakika kumi tu, utaona kila aina ya mchuma: malori ya Zambia na Kongo, mabasi, Noah, Probox, IST, bajaji na bodaboda. Na nyuma ya kila injini inayounguruma yupo kijana anayekula kwa jasho la injini hiyo.

Sasa tuzungumze juu ya kitu kinachoiua injini hiyo taratibu huku mwenyewe unapiga honi. Kitu chenyewe ni oili iliyopitiliza muda wake, pamoja na kile kikopo kidogo kinachoenea kiganjani, yaani filta ya oili.

Najua kuna atakayefungua ukurasa wa michezo akisema hayo ni mambo ya mafundi. Subiri kwanza, mshikaji. Vijana wengi wa mjini hawana fedha taslimu za kununua gari. Wanachofanya ni kuingia mkataba: bosi ananunua gari, kijana anaendesha na kupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na mwisho wa mkataba gari linakuwa lake. Ni mpango mzuri, umewatoa wengi. Lakini ukiutazama vizuri, katika mkataba wa namna hiyo akiba yako yote imo ndani ya injini. Injini ikinoki mwezi wa kumi, bosi amekwisha rudisha sehemu kubwa ya mkwanja wake. Wewe unabakiwa na bati, viti na deni. Hapo ndipo utakapojua kwamba filta siyo suala la fundi peke yake.

KILOMITA ZA TOKYO

Gari nyingi ndogo unazoziona Mpemba ni mitumba ya Japani. IST na Probox nyingi zinatumia injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE. Toyota wa Japani wanasema gari la petroli lisilo na tabo limwagwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, chochote kitakachotangulia. Hapo ndipo vijana wengi wanapoingizwa mjini. Anasikia 15,000, anachekelea, anasema fundi wake ni mwizi kwa kumwambia 5,000.

Ngoja nikumalizie sentensi ambayo hukusimuliwa. Toyota hao hao wanasema kwamba gari linalofanya kazi ngumu limwagwe oili kwa nusu ya umbali huo, yaani kilomita 7,500 au miezi 6. Na lenye tabo ni kilomita 5,000 au miezi 6, likifanya kazi ngumu ni 2,500 au miezi 3.

Kazi ngumu ni ipi? Wenyewe wameitaja. Ni barabara mbovu na zenye vumbi. Ni milima, kupanda na kushuka. Ni safari fupi fupi zisizozidi kilomita 8, ambazo injini haipati moto wa kutosha. Ni kuunguruma umesimama au kutambaa kwa mwendo wa konokono. Na ni kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka.

Haya, sasa nitajie gari la abiria la Mpemba ambalo halina hata moja kati ya hayo. Hakuna! Kuna lami nzuri kwenda Tunduma, na hata ile ya Isongole, kama kilomita 50 hivi, imekwisha wekwa lami. Lakini mzigo wa mahindi hautoki kwenye lami. Unaufuata shambani, vumbini, halafu unarudi nao umeshonana na abiria. Kwa hiyo kilomita za Tokyo, ambako mtu anaendesha peke yake kwenda kazini na redio inaimba taratibu, usizilete Mpemba.

SAA AMBAZO DASHIBODI HAIZIANDIKI

Kuna jambo jingine. Dashibodi inahesabu matairi yanavyozunguka, haihesabu injini inavyozunguka. Ukisubiri abiria huku gari linaunguruma, oili inachakaa lakini kilomita hazisogei. Tunduma ni mji wa mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza muda wa kukaa mpakani, lakini siku ya foleni ni siku ya foleni, na gari dogo nalo hukwama nyuma ya malori.

Kampuni ya Ford ya Marekani, katika vitabu vya baadhi ya magari yake ya kazi, imewahi kutoa kipimo kwamba saa moja ya kuunguruma umesimama ihesabiwe kama maili 25 za barabarani, yaani karibu kilomita 40. Siyo sheria ya kila injini, ila inasaidia kupiga hesabu.

Chukua gari linalounguruma bila kutembea kwa saa 2 kila siku, siku 6 za wiki. Hizo ni saa 12. Zidisha kwa 40, unapata kilomita 480 kwa wiki. Kwa wiki 4 ni kilomita 1,920 ambazo dashibodi yako haina habari nazo. Kwa hiyo yule anayesema gari lake ndiyo kwanza lina kilomita 5,000 tangu sevisi, injini yake inaweza kuwa imekwisha fanya kazi ya 7,000.

Ndiyo maana nasema hivi, na usibishane nami kwanza mpaka umalize kusoma: kwa gari la petroli lisilo na tabo linalofanya biashara Mpemba, mwaga oili kila kilomita 5,000, au kila miezi 6 kama gari halitembei sana. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa siku linazifikisha 5,000 baada ya siku 25. Yaani sevisi ni kila mwezi, kama kodi ya chumba. Ukiizoea hivyo haikuumi.

Na wale ambao gari linatoka Jumapili tu kwenda kanisani, msijidanganye kwamba halijatembea. Safari fupi huacha unyevu na petroli isiyoungua ndani ya oili. Miezi 6 ikifika, mwaga.

Kuna wengine wana ugonjwa wa kinyume. Wanamwaga oili kila kilomita 2,000 kwa sababu eti imekuwa nyeusi. Weusi peke yake siyo ushahidi. Oili nzuri ina dawa ya kubeba masizi na kuyazuia yasigande ndani ya injini, na ikifanya kazi hiyo lazima ibadilike rangi. Ya dizeli inaweza kuwa nyeusi mapema kabisa. Usihukumu kwa rangi, hukumu kwa kilomita, saa na tarehe.

KIKOPO NACHO KINA SIRI

Tuje kwenye filta. Vijana wengi wakienda duka la spea wanauliza swali moja tu: "Ya bei poa ipo?" Muuza duka naye anachukua kikopo, anajaribu mzunguko wa uzi, kinaingia, biashara imekwisha.

Hapo hapo ndipo unapolizwa. Filta nyingi za magari tofauti zina uzi wa ukubwa mmoja. Kuingia siyo kufaa. Inaweza kuingia vizuri kabisa lakini duara la raba yake likawa dogo au kubwa kuliko kiti chake kwenye injini, ikaja kumwaga oili ukiwa mlimani. Au ikaingia na isivuje, lakini ndani yake ikawa siyo ya injini yako.

Ndani ya filta kuna vitu vitatu vya kukutazamisha mara mbili. Cha kwanza ni karatasi iliyokunjwa kunjwa, ambayo ndiyo inayodaka uchafu. Filta nzuri ina mikunjo mingi iliyolingana na kubanwa sawasawa. Ya kulipua ina mikunjo michache, imepinda, gundi imeachia, na oili inapita pembeni bila kusafishwa.

Cha pili ni vali ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, vali hii inafunguka ili injini isikose oili kabisa. Inapita oili chafu, lakini afadhali chafu kuliko kukosa. Vali ikiwa legevu inafunguka ovyo na kazi ya karatasi inakuwa bure. Ikiwa ngumu haifunguki, injini inakaukiwa. Kuna injini ambazo vali hiyo haimo kwenye filta, ipo kwenye injini yenyewe, na hiyo ni sababu nyingine ya kutobahatisha.

Cha tatu ni raba ya kuzuia oili isirudi chini gari likizimwa. Hii unaweza kuichungulia kupitia vile vitundu vidogo vya kwenye mdomo wa filta. Ikiwa ngumu au imepasuka, usiku kucha oili inashuka yote kwenye sampu. Asubuhi ukiwasha unasikia injini inalia kama debe la kokoto kwa sekunde kadhaa. Injini ya 1NZ-FE ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, na kinachoikaza cheni hiyo kinategemea presha ya oili. Kila asubuhi unayoisikia kelele hiyo, ujue cheni inachezea uhai wako. Inaweza pia kuwa cheni yenyewe imekwisha, kwa hiyo muone fundi.

Sasa utachaguaje? Nenda na namba, usiende na sura. Filta halisi za Toyota za kufunga kama kikopo zina namba inayoanza na 90915. Zile za karatasi tupu, ambazo unabadili cha ndani na kurudisha kikombe chake, zinaanza na 04152. Namba kamili ya gari lako itafutwe kwa namba ya chesesi au aina ya injini. Ukipata kampuni nyingine yenye jina, mwambie muuza duka akuonyeshe kwenye katalogi kwamba inalingana na namba hiyo. Akisema "hizi zote ni sawa tu", mshukuru kwa heshima, nenda duka la pili.

Na ukitaka kujua ukweli wa filta uliyokuwa unatumia, mwambie fundi aikate ile ya zamani kwa msumeno wa chuma. Utaiona karatasi yake kwa macho yako. Ukikuta imechanika, umeijua kampuni ya kuikimbia. Ukikuta chembe za chuma zinametameta, injini inakuomba msaada.

FILTA KILA OILI

Kuna usemi wa kijiweni kwamba filta moja inatosha oili mbili. Kwa kazi ngumu, hapana. Injini ya 1NZ-FE inakula lita 3.7 ukibadili oili na filta, na lita 3.4 ukibadili oili peke yake. Ile tofauti ya 0.3 ni oili chafu iliyobaki ndani ya filta ya zamani, ambayo unaichanganya na mpya siku hiyo hiyo. Ni kama kuoga halafu ukarudia soksi za jana.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia na jambo lingine. Galoni ni lita 4. Fundi akiimwaga yote ndani ya 1NZ-FE amezidisha. Akisema imeingia yote na ikabaki sawa kwenye kijiti, uliza oili ya zamani ilitoka yote au la. Simama pale pale, usiende kunywa soda.

Na asikudanganye mtu kwamba filta ya oili inaoshwa kwa petroli na kurudishwa. Karatasi ile siyo shati.

OILI GANI?

Kwenye galoni tafuta maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni unene, mfano 5W-30. Ile namba kabla ya W inaonyesha oili inavyotembea kwenye baridi, na ndogo ni nyepesi zaidi. Namba ya mwisho ni unene wake injini ikiwa imepata moto. Toyota alizitengenezea injini hizi oili nyepesi kama 5W-30.

Mpemba siyo Dar es Salaam. Iko juu, na Juni na Julai asubuhi unavaa koti na bado unatetemeka. Ukiweka ile oili nzito ya namba moja tu, SAE 40, inachelewa kufika juu ya injini, na ile vali ya dharura inaweza kufunguka, oili ikapita bila kuchujwa. Umenunua filta nzuri, umeifanya iwe pambo. Kama injini ni ya zamani na inakula oili, zungumza na fundi juu ya 10W-30 au 15W-40, lakini usirukie nzito kwa mazoea tu.

Maandishi ya pili ni herufi za API. Kwa petroli zinaanza na S. SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Herufi ya pili ikisogea mbele, oili ni ya kisasa zaidi. Ukikuta SF, hiyo ni ya injini za 1988 kurudi nyuma. Gari lako limezaliwa 2005 halafu unalinywesha dawa ya babu yake!

Bandia nazo zipo. Nunua duka linalotoa risiti na ambalo kesho utalikuta, kagua kifuniko na lakiri, na ukigundua umeuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi hiyo. TBS nao wapo kwa suala la ubora. Ukimaliza oili, toboa galoni kabla ya kulitupa, lisije likajazwa upya na kurudi dukani. Oili chafu usiimwage mtaroni wala usiichezee kwa mikono mitupu, ina sumu inayodhuru ngozi.

SIKU YA SEVISI

Injini iwe na joto kidogo, oili itoke vizuri. Filta ya zamani ikitoka, hakikisha imetoka na raba yake. Ikibaki imeganda kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, oili itaruka nje yote mkiwa njiani. Raba ya filta mpya ipakwe oili kidogo. Ifungwe kwa mkono mpaka iguse, halafu iongezwe robo tatu ya mzunguko. Siyo kuninginia na spana kama unafunga tairi la lori.

Washa, tazama taa nyekundu yenye picha ya kibirika izime. Chungulia chini kama kuna uvujaji. Zima, subiri dakika chache, pima kwa kijiti.

Kisha kila wiki pima tena. Injini kuukuu inaweza kupunguza oili kabla ya kilomita 5,000 kufika, na filta ya dhahabu haiwezi kuokoa injini isiyo na oili. Kile kibirika kikiwaka ukiwa njiani, usiseme "nitafika tu Tunduma". Taa hiyo inasema presha imekwenda. Egesha, zima, hapo hapo. Abiria watakutukana, watapata gari lingine. Wewe injini nyingine hupati kwa kupunga mkono.

Na vumbi la mashambani linaingilia kwenye filta ya hewa, siyo ya oili. Ikague hiyo nayo, maana vumbi likishapita linakwangua ringi za pistoni kama msasa.

KATI YA DEREVA NA BOSI

La mwisho ndilo kubwa. Magari mengi ya mkataba hayafi kwa kukosa fundi, yanakufa kwa kutegeana. Bosi anasema sevisi ni ya dereva, dereva anasema gari bado ni la bosi. Oili inapita 6,000, 7,000, 8,000, kila mmoja anamsikilizia mwenzake. Siku injini ikilia, wanafikishana kwa mjumbe.

Kabla hujatia saini, andikeni: nani ananunua oili, nani ananunua filta, kwa kilomita ngapi, na gari linapumzika hesabu siku ya sevisi au vipi. Kila sevisi piga picha ya dashibodi, ya namba ya filta na ya risiti, mtumie bosi kwa simu siku hiyo hiyo. Karatasi yenye tarehe na kilomita ibandike chini ya boneti. Siku ya ugomvi, picha hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Bosi na wewe sikia. Ukimkaba kijana kwa hesabu mpaka anakosa ya oili, unajikata mguu mwenyewe. Filta na oili ni fedha ya siku chache za kazi. Injini ya mtumba na kuifunga ni zaidi ya shilingi milioni moja, bila kuhesabu wiki ambazo gari limekaa juu ya mawe.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujakaa kijiweni, fungua boneti. Ukikuta hujui oili ilimwagwa lini, jibu unalo tayari: kesho asubuhi, gereji.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Safari njema!